Risala ya wanafunzi wa biashara kwa mgeni rasmi: ushuru ambao risiti haiusemi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanafunzi wa mchepuo wa biashara, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua shughuli zako ni nyingi, kwa hiyo hatutaanza na historia ya shule.

Mheshimiwa mgeni rasmi, muhula huu tulijiuliza ushuru wa forodha hulipwa na nani. Wengi wetu tulijibu upesi kwamba hulipwa na nchi inayouza bidhaa, maana ndivyo tunavyowasikia baadhi ya viongozi wa mataifa makubwa wakisema. Tulikosea. Anayelipa forodhani ni mwagizaji, yaani mfanyabiashara wa nchi inayopokea mzigo, naye hujirudishia fedha zake kwa mnunuzi. Muuzaji wa ng'ambo hubeba sehemu ya gharama pale tu anapokubali kushusha bei ili asipoteze soko.

Tukachukua kalamu. Bidhaa yenye bei ya 100 ikitozwa ushuru wa asilimia 25 inafika 125. Mfanyabiashara anayeweka faida ya asilimia 20 ataikokotoa juu ya 125, kwa kuwa ndizo zilizomtoka mfukoni, na bei inakuwa 150. Bila ushuru ingekuwa 120. Serikali imepata 25, mnunuzi ameongezewa 30. Hapo hatujagusa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hukokotolewa bidhaa ikiwa tayari imebeba ushuru. Tena nchi nyingi hutoza ushuru juu ya bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima, hivyo nauli ikipanda ushuru nao unapanda, ingawa hakuna aliyebadilisha sheria. Kodi ya ongezeko la thamani angalau mara nyingi huandikwa kwenye risiti. Ushuru wa forodha huoni hata mstari wake.

Mfano uliotusumbua zaidi ni wa mashine za kufulia. Mwanzoni mwa 2018 Marekani iliweka ushuru kwa mashine kubwa za kufulia za majumbani zinazotoka nje: asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza kwa mwaka, na asilimia 50 kwa zinazozidi hapo. Bei ikapanda kwa takriban asilimia 12. Mashine za kukaushia nguo hazikuwekewa ushuru huo hata kidogo, lakini nazo zilipanda karibu sawasawa, kwa sababu watu huzinunua kwa jozi na wauzaji wanalijua hilo. Watafiti walikadiria kuwa walaji waliongezewa gharama ya dola bilioni 1.5 kwa mwaka, na ajira zilizopatikana zilikuwa kama 1,800. Ukigawanya, kila ajira iligharimu zaidi ya dola 800,000. Mwenzetu mmoja alisema afadhali wafanyakazi hao wangegawiwa fedha hizo wakae nyumbani. Mwalimu alicheka, kisha akamtaka aandike hoja hiyo vizuri.

Jambo jingine ni kwamba ushuru ukishaingia, kuutoa ni kazi. Ulaya ilipowabana kuku wa Marekani kwa ushuru, Rais Lyndon Johnson alijibu kwa asilimia 25 kwenye magari madogo ya mizigo, ukaanza kutozwa 1964. Ugomvi wa kuku umesahaulika. Ushuru wa magari umevuka miaka 60.

Hatusemi ushuru ufutwe, na kwa kweli darasani hatukuafikiana. Kiwanda kichanga hakiwezi kupigana siku ya kwanza na kilichozoea soko. Na pale ambapo wengi hawako kwenye kodi ya mapato, bandarini ndiko serikali inakokusanya kwa urahisi. Wakubwa nao hujilinda: Umoja wa Ulaya huingiza kahawa mbichi bila ushuru, lakini kiwango chake cha kawaida kwa kahawa iliyokaangwa ni asilimia 7.5, ukiacha nchi zilizosamehewa kwa mikataba. Tulichokubaliana ni kimoja: kinga iwe na tarehe ya mwisho, na mlaji aambiwe anailipia kiasi gani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kupata kitabu cha viwango vya ushuru pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili. Orodha ya kimataifa inayofuatwa na vitabu hivyo huanza na wanyama hai katika sura ya 1 na kuishia na kazi za sanaa na vitu vya kale katika sura ya 97. Tulipoona sura ya 77 haina kitu tulidhani kurasa zimechanwa, kumbe imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa lugha ya mawakala wa forodha, na wanaolipa hawakielewi.

La pili ni dogo: utuombee ofisa wa forodha aje hata kwa saa moja. Maswali tunayo tayari, na mengine ni ya kumsumbua.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanafunzi wa mchepuo wa biashara.