Heri ya Krismasi kutoka siti ya dirishani

Ndugu zangu wapendwa, heri ya Krismasi.

Salamu hizi naziandika ndani ya basi. Chalinze tumeshaipita, konda amegawa maji na biskuti, na nyuma yangu kuna jogoo ndani ya boksi ambaye hajanyamaza tangu alfajiri. Ni Desemba, na sisi Wachaga tunakwenda kuhesabiwa, kama mnavyopenda kututania. Nauli ni ya msimu, sitaki hata kuitaja. Ila siti ni yangu, namba yake ninayo kwenye tiketi, na hakuna wa kuniinua.

Safari hii kila mwaka hunikumbusha mwanamke mwingine aliyekuwa anakwenda kula Krismasi na watu wake. Ilikuwa Desemba 1949, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Jo Ann Robinson alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha watu weusi cha Alabama State, mgeni mjini, mwaka wake wa kwanza. Alipanda basi akiwa na furaha zake, ndege ya kwenda Cleveland inamsubiri. Basi lilikuwa karibu tupu. Akakaa safu ya tano kutoka mbele, akafumba macho akiwaza likizo. Kushtuka, dereva amesimama mbele yake, mkono juu kama anayetaka kumpiga, anamfokea aondoke hapo. Mwalimu mzima, msomi, akashuka mbio huku analia.

Kosa lake? Viti 10 vya mbele vilikuwa vya wazungu. Hata kama ndani ya basi hamna mzungu hata mmoja, mweusi asimame. Vya katikati, dereva ndiye aliyeamua nani akae na nani ainuke. Na mara nyingi mweusi alitakiwa alipe nauli mlango wa mbele, ashuke tena, azunguke apandie mlango wa nyuma. Walikuwepo madereva waliokuwa wanaondoa gari mtu akiwa bado anazunguka, senti zake 10 zimeshaingia kwenye kisanduku. Mnyonge ananyang'anywa na basi, na nauli. Na abiria walio wengi walikuwa ndio hao hao: wapishi, mayaya, wafua nguo, wanawake waliokuwa wanakwenda kulea watoto wa watu na kurudi usiku kwa wa kwao.

Robinson hakusahau Krismasi ile. Aliingia kwenye Baraza la Siasa la Wanawake, chama cha akina mama weusi wa Montgomery kilichoanzishwa mwaka 1946 na mwalimu mwenzake, Mary Fair Burks, akawa kiongozi wake. Tarehe 21 Mei 1954 alimwandikia meya barua, kwa adabu zote, akamkumbusha kwamba robo tatu ya abiria ni weusi na kwamba wakiamua kutopanda, mabasi hayatajiendesha. Adabu ile ndiyo iliyokuwa onyo. Kwa hiyo mnaposikia kwamba mgomo wa mabasi wa Montgomery ulizuka tu siku Rosa Parks alipochoka miguu, jueni kuna barua ilitangulia mwaka mmoja na nusu.

Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Usiku huo huo Robinson alijifungia chuoni na wanafunzi wawili na mwenzao mmoja mwenye ufunguo wa mashine ya stensili. Wale mliosoma enzi za mitihani ya stensili mnaijua kazi yake: wino vidoleni, karatasi zinanatana, mkono unazungusha hadi bega linakufa ganzi. Walichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi, kuwataka watu wasipande basi Jumatatu. Kulipokucha mzigo ulikuwa tayari ndani ya gari, na yeye alikuwa na kipindi cha kufundisha saa mbili asubuhi. Jina lake hakuliweka. Chuo kilikuwa cha serikali ya jimbo, na jina kwenye karatasi lingekuwa barua ya kufukuzwa kazi. Ndivyo wengi wao walivyopotea kwenye historia: walijificha ili mkono wao uendelee kufanya kazi, na sisi tuliokuja baadaye tukadhani hawakuwepo.

Jumatatu ile, tarehe 5 Desemba, mabasi yalipita matupu. Jioni watu wakafurika kanisa la Holt Street, wachungaji wakahubiri, Martin Luther King, kijana wa miaka 26, akawasha moto. Mnamjua. Sasa mjueni na mama aliyekuwa anauza sandwichi za kuku pale. Georgia Gilmore, mpishi, mama wa watoto sita. Yeye na wenzake walichangishana dola 14, wakanunua kuku, mkate na saladi. Baadhi yao hawakuwa na zaidi ya robo dola ya kutoa, lakini kupika walijua. Kikundi chao wakakiita Klabu ya Kusikojulikana, kwa sababu nzuri kabisa: mtu akiuliza fedha hizi za petroli zimetoka wapi, jibu lilikuwa la kweli, zimetoka kusikojulikana. Keki na pai zao ziliuzwa kwenye saluni na vituo vya teksi. Hata wazungu walinunua bila kujua wanalipia mafuta ya magari yaliyokuwa yanawabeba wagomaji.

Krismasi ya 1955 iliwakuta Montgomery kwa miguu. Wiki ya tatu ya mgomo, baridi, mtu anatembea maili kadhaa kwenda kupika Krismasi ya tajiri yake.

Machi 1956 King alishtakiwa kwa kuongoza mgomo, na Gilmore akapanda kizimbani kusema jinsi dereva alivyomshusha azunguke mlango wa nyuma, kisha akaondoa basi na hela yake. Alisema bila kumung'unya maneno. Kazi yake ya upishi ikaishia hapo. King akamshauri apike nyumbani kwake, akamsaidia mtaji, na meza ya mama huyo ikawa ukumbi wa mikutano ya siri.

Mgomo peke yake haukuvunja sheria ile. Iliyoivunja ni kesi, na waliosimama kama wadai ni wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin. Rosa Parks hakuwemo. Colvin alikamatwa tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, akiwa msichana wa shule wa miaka 15. Viongozi walimpima wakamwona hafai kuwa sura ya harakati: mdogo, wa familia maskini, na baadaye akapata ujauzito. Mei 1956 alikwenda mahakamani kutoa ushahidi huku ameacha kichanga nyumbani. Rekodi ya kukamatwa kwake ilifutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82.

Amri ya Mahakama Kuu ya Marekani iliwafikia tarehe 20 Desemba 1956, na kesho yake watu wakapanda basi, wakakaa watakapo, siku nne kabla ya Krismasi. Ipo picha maarufu ya siku hiyo: Rosa Parks amekaa dirishani, nyuma yake mzungu aliyenuna. Yule hakuwa abiria, alikuwa mwandishi wa habari, na picha ilipangwa. Hata mmoja wa wale wanne hayumo. Sishangai sana. Nyumbani tuna picha ya Krismasi ya ukoo mzima, hadi mbwa yumo, mama hayumo. Alikuwa anageuza nyama.

Kuna tarehe nyingine naomba mwaka huu muikumbuke mkiwa mnamalizia viporo: 28 Desemba. Wiki moja tu baada ya picha ile, mwaka 1956, Rosa Jordan, mjamzito wa miezi minane, alikuwa amekaa ndani ya basi pale Montgomery. Mtu akafyatua risasi kutoka gizani, ikampata miguu yote miwili.

Na tarehe hiyo hiyo mwaka 2017 alifariki Recy Taylor, akikaribia miaka 98. Mwaka 1944, akitoka kanisani huko Abbeville, Alabama, aliviziwa na vijana wa kizungu wenye silaha, wakambaka. Aliyetumwa kuchunguza alikuwa Rosa Parks, yule yule tunayeambiwa alikuwa fundi cherehani aliyechoka. Mabaraza mawili ya wazee wa mahakama, wanaume weupe watupu, yalikataa hata kufungua mashtaka. Bunge la Alabama lilimwomba radhi mwaka 2011. Miaka 67 baadaye.

Tumesimama Korogwe, watu wameshuka kula. Nanusa chipsi na kuku, na nimerudi kwa Georgia Gilmore. Machi 1990, Alabama ikiadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma, yale ya weusi kudai haki ya kupiga kura, aliamka mapema kuwapikia waandamanaji, kuku na makaroni ya jibini. Siku hiyo hiyo akafariki, chakula kikiwa kimeshaiva. Waliokuja kumlilia ndio waliopakuliwa.

Konda anapiga honi, jogoo ameamka tena. Mama amepiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi. Mtori uko tayari, anasema, na sahani yangu imefunikwa. Safari hii nimemwambia aniachie kisu na ndizi, na picha ya ukoo tutaipigia jikoni.

Krismasi njema, na mwaka mpya uwakute wazima nyote.