Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita tulikubaliana tusome viumbe vya ajabu vya Ulaya: majitu, vibwengo, nguva, watu wanaogeuka mbwamwitu. Hatukufika huko. Tulianza na Dracula ya Bram Stoker (1897), riwaya ya mfu anayetoka kaburini kunyonya damu ya walio hai, tukanasa hapohapo hadi mwaka ukaisha. Lawama ni zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongeza vikao.

Wengi wetu tulimjua Dracula kwa sinema. Kumbe kitabuni anatembea London mchana kweupe. Jua humpunguzia nguvu tu. Habari ya kufa kwa jua ilikuja na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, mwaka 1922. Wala mwishoni hachomwi kigingi: anauawa kwa visu viwili, kimoja shingoni, kingine moyoni. Mzee wetu aliyebisha kikao kizima alinunulia watu wote soda.

Kikao cha Julai ndicho sitakisahau. Tulirudi hadi 1725, kwenye kisa cha mtu aliyedhaniwa kuwa mfu wa namna hiyo, kijijini Kisiljevo, Serbia, enzi za utawala wa Austria. Mkulima Petar Blagojević alikuwa amekufa na kuzikwa. Ndani ya siku nane wakafa wanakijiji tisa, wakisema kabla ya kukata roho kwamba marehemu amewajia usingizini kuwakaba. Kaburi likafukuliwa mbele ya ofisa wa serikali: ndevu na kucha kama zimeota, damu mbichi mdomoni. Wakampiga kigingi moyoni, kisha wakamchoma moto. Mwenzetu muuguzi akatufafanulia kwamba ngozi ya maiti ikisinyaa kucha huonekana zimerefuka, na gesi ya tumboni husukuma majimaji hadi kinywani. Sambusa zilirudi nyumbani zote.

Wapo waliosema huyo ni mumiani tu. Sikubali hata leo. Mumiani ni mtu hai, tena mgeni, anayetafuta damu akauze. Wa Kisiljevo ni jirani uliyemzika mwenyewe.

Mapato na matumizi atasoma mhazini. Nakala mbili za kitabu hazijarudi, na aliye nazo anajijua.

Kwa mwaka ujao napendekeza tuanze na 1755, Maria Theresa, mtawala wa Austria, alipopiga marufuku kufukua na kuchoma maiti kwa hofu hiyo, baada ya kupokea taarifa ya daktari wake, Gerard van Swieten. Kikao kimoja tu, naahidi. Kisha nguva.

Mwenyekiti