Barua ya wazi kwa Mh. Waziri wa Afya: hizi mashine za umeme kichwani kwa wazee zimesajiliwa kwa kazi gani?

Mh. Waziri, shikamoo.

Mama yangu ana miaka 74. Zamani humdanganyi kwenye chenji, siku hizi anabandika chai anatoka kuongea na jirani mpaka sufuria inaungua, na kinachomuuma zaidi yeye mwenyewe ni rakaa, anasali alasiri halafu anatuuliza sisi, jamani nimesali tatu au nne?

Mdogo wangu akasikia kuna sehemu hapa Dar wanarudisha umakini wa wazee kwa umeme, basi tukampeleka. Wanamvalisha mkanda kichwani, chini yake sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, wanawasha dakika 20, laki moja kila ukienda na wanataka uende mara 10. Hatukuulizwa kama ana kifafa wala kama ana chuma chochote kichwani, presha hawakupima, masikio ndo kabisa hakuna aliyeyaangalia, wakati mama akifungulia TV nyumba ya tatu wanasikiliza taarifa ya habari na sisi.

Nikakaa nikasoma. Niwe mkweli, hii kitu yenyewe sio uongo. Umeme ni mdogo, miliampia 1 au 2, na kule Göttingen Ujerumani watafiti kina Nitsche na Paulus walionyesha tangu 2000 kwamba unaweza kuamsha au kutuliza sehemu ya ubongo. Kwa wazee wamejaribu sana, mara nyingi pamoja na mazoezi ya akili kwenye kompyuta, kuna tafiti zimeona nafuu kidogo na kuna zingine hazijaona kitu, maana ubongo ukizeeka unasinyaa na umeme haufiki sawasawa kwa kila mtu. Ila kilichonifungua macho ni hiki, kwenye tafiti kuna kundi wanawashiwa mashine sekunde chache tu ngozi iwashe halafu inazimwa kimyakimya, na hao hao wapo wanaosema wamepata nafuu! Mama naye siku ya kwanza alirudi kachangamka kweli, lakini siku hiyo kapanda bajaji na wanae wawili, kanunuliwa mishkaki, kapigishwa stori njia nzima, sasa mimi nitajuaje ni sponji au ni mishkaki?

Halafu tangazo lao linasema imekubalika Marekani. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu 2008 mashine ya sumaku, tena kwa wagonjwa wa sonona. Hii ya sponji ni kitu kingine.

Ninachoomba, TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, watuambie wazi hizi mashine zimesajiliwa au hazijasajiliwa, na kwa kazi gani, na anayemuwekea mzee awe nani. Na kwenye madirisha ya wazee hospitali za serikali, mzee akisema umakini umepungua apimwe kwanza masikio, macho, presha na sukari, aangaliwe na dawa anazomeza, maana zipo za usingizi na za mafua zinazomvuruga mzee akili kabisa. Hai kule Kilimanjaro kuna maswali mafupi ya kupima ubongo wa mzee yametengenezwa hukohuko, hata asiyejua kusoma anajibu, gharama yake ni karatasi, kalamu na njiti za kiberiti, kwa nini mama yangu hapa Dar hajawahi kuulizwa hata moja?

Jumamosi ni zamu yake ya nne na tumeshalipia mpaka ya sita. Nimpeleke, Mheshimiwa?