Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii: msimrudishe mtoto kwa mtesi aliyemkimbia

Ndugu Kamishna,

Yah: Taarifa za ustawi wa jamii kwa watoto wanaokinzana na sheria (wanaotuhumiwa au kukutwa na makosa)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imefanya sehemu yake. Kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo Mahakama ya Watoto inapokaa. Hakimu akifika kwenye amri, anategemea taarifa ya afisa huyo kuhusu maisha ya mtoto. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Taarifa mbovu ni rahisi kuitambua: ukurasa mmoja, jina la kijiji, kipato cha wazazi, kisha "mtoto ni mtukutu, anahitaji malezi". Aliondoka nyumbani lini na kwa nini, hakuna. Hakimu, kwa nia njema kabisa, anaamuru arudishwe kwao. Kama huko kwao ndiko aliko mjomba anayemchoma kwa kijiko cha moto, mtoto atashuka stendi ya kwanza na kugeuza. Akikamatwa tena, anaitwa sugu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliofanyiwa ukatili wa kimwili walikaribia robo tatu. Hao ni vijana wa kawaida majumbani, si wa mahabusu. Afisa anayemhoji mtoto aliyekamatwa bila kuuliza habari hizi anaruka swali la kwanza.

Mahojiano ya haraka kwenye korido ya mahakama, askari akiwa pembeni, hayatoi kitu. Vinahitajika vikao viwili au zaidi, chumba chenye mlango, na mzazi asubiri nje, maana huenda yeye ndiye tatizo. Kosa lisitangulie. Afisa aanze na usingizi: analala wapi, na nani, hushtuka usiku? Kisha shule. Rejista ya mahudhurio haina aibu wala haimwogopi mtu: mtoto aliyehudhuria vizuri hadi Machi kisha akapotea, swali ni Machi nyumbani kulitokea nini. Makovu ya zamani yaombewe PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka mtu hospitali) na daktari ayaone, hata kama hayaihusu kesi.

Mtoto mwenye kiwewe husimulia vipande vipande. Leo hivi, kesho vile. Huchekacheka akiulizwa jambo zito, au huinamisha macho asijibu. Kwenye jalada anaandikwa mwongo na jeuri. Ukweli ni kwamba tukio la hofu kubwa mara nyingi halikai akilini kwa mpangilio, na mwili uliozoea kipigo hujihami kabla ya kufikiri. Mshike bega ghafla kwa nyuma, atarusha ngumi, na shtaka la pili la kushambulia linazaliwa palepale kituoni. Kumwita kwa jina kabla ya kumgusa kungelizuia, na hakuhitaji bajeti.

Tunakuomba, kwa kushirikiana na TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), utoe waraka kwa maafisa wa halmashauri zote. Taarifa iwe na sehemu ya historia ya ukatili, na maneno ya mtoto kuhusu kosa yasiingizwe humo, kwani hapo afisa anageuka mpelelezi. Imfikie hakimu ikiwa imefungwa, isisomwe kwa sauti. Pendekezo litaje anayempokea mtoto, kliniki atakayoonwa, na tarehe ya kutembelewa, isizidi wiki mbili. Na "arudishwe kwao" lisiandikwe kabla afisa wa wilaya ya huko hajafika kwenye nyumba hiyo na kuandika alichokikuta.

Tunajua afisa mmoja hubeba kata kadhaa na nauli hana. Pasipo nauli, simu kwa mwalimu mkuu ni mwanzo, ila haitoshi kuamulia mtoto alale wapi. Katika hali hiyo mahakama iombwe amri ya muda chini ya mlezi mwingine anayefaa.

Rasimu ya fomu tunayo, na tuko tayari kuipitia pamoja na maafisa wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Maafisa ustawi, mawakili na washauri nasaha wa watoto