Somo la maji lisiishie kwenye kuchemsha

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka, kati ya tarehe 16 na 22 Machi, nchi yetu ya Tanzania huadhimisha Wiki ya Maji. Wanafunzi hughani ngonjera, hubeba mabango ya "Maji ni Uhai", na hukumbushwa kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono kwa sabuni. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini mimi, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Arumeru, naona kwamba mafundisho hayo, ingawa ni ya kweli na yanaokoa maisha, humwacha mtoto bila jibu la swali kubwa zaidi: kwa nini watu wengine duniani wana maji safi nyumbani kwao na wengine hawana?

Huku kwetu kanuni ya kuchemsha hukwama mapema. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi yatokanayo na miamba ya volkano, na mara nyingi kiasi chake hupita mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaoyanywa tangu wakiwa wadogo huota meno yenye madoa ya kahawia, na pale ambapo floraidi imezidi sana hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji yakipungua kwa mvuke floraidi hubaki sufuriani na kuzidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichopo humu humu Arumeru, kinajulikana kwa kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini wapo wanafunzi wa hapa wanaohitimu darasa la saba bila kuwahi kuusikia mkaa huo. Hilo linanisikitisha sana.

Mtoto akishaelewa kwamba maji maangavu yanaweza kuwa na madhara, yuko tayari kufundishwa habari za kwingine. Nchini Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi ili watu waache maji ya madimbwi na mito yaliyokuwa yakiwaletea magonjwa ya kuhara. Nia ilikuwa njema, na kuhara kulikuwa kukiua watoto kwelikweli, lakini katika miaka ya 1990 ilidhihirika kwamba visima vingi vilikuwa na sumu ya aseniki iliyomo ardhini. Katika mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, mwezi Aprili 2014 wakuu wa mji waliacha kununua maji yaliyosafishwa na mji wa Detroit na kuanza kutumia maji ya Mto Flint ili kupunguza gharama. Maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia majumbani. Wanafunzi wengi hudhani kwamba Marekani kila bomba ni salama. Wakisikia habari ya Flint huuliza ni nani aliyeamua, na nani alipaswa kupima. Maswali hayo ndiyo ninayotamani wayazoee, kwa kuwa yanafaa kuulizwa hata kijijini kwao.

Hisabati nayo ina nafasi hapa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku kutoka kituo cha kuchotea maji kilichopo umbali usiozidi mita 400, na kwamba kituo kimoja kihudumie watu 250. Mwezi Februari 2018, mji wa Cape Town nchini Afrika Kusini ulipokuwa katika ukame mkali, wakazi wake waliamriwa wasitumie zaidi ya lita 50 kwa mtu kwa siku, na dunia nzima ikatangaziwa kwamba mji uko hatarini. Yaani kiasi kilichohesabiwa kuwa cha dharura kule ni mara mbili ya lengo hilo la sera yetu ya 2002. Mwanafunzi anayejua uzito wa ndoo ya lita 20 kichwani hahitaji kuelezwa sana maana ya hesabu hiyo.

Halikadhalika, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima huduma ya maji kwa muda wa kwenda kuteka na kurudi, foleni ikiwemo, na kikomo cha huduma ya msingi ni dakika 30. Kwa makadirio yao ya mwaka 2022, watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji salama, yanayopatikana nyumbani wakati wowote yanapohitajika. Katika kaya saba kati ya kila kumi zisizo na maji nyumbani, wanaoteka ni wanawake na wasichana. Darasa linaweza kupima muda wake kwa saa ya mwalimu na kujilinganisha na dunia, ila mwalimu akusanye majibu kwa karatasi zisizo na majina, kwa maana si haki kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake aeleze kwamba kwao wanachota mtoni.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni siasa na hazifai darasani. Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi kuwa haki ya binadamu tarehe 28 Julai 2010, na sioni ubaya wa kumfundisha mtoto haki yake pamoja na wajibu wake wa kutunza chanzo cha maji.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iingize mifano ya namna hii katika vitabu vya Sayansi, Hisabati na Jiografia vya mtaala mpya, ikiwemo floraidi ya mikoa yetu ya kaskazini. RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na mamlaka za maji nazo ziipatie kila shule nakala ya matokeo ya vipimo vya chanzo inachokitumia, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikiwezekana kabla ya Wiki ya Maji ijayo, ili walimu tuwe na kitu cha kufundishia.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Arumeru, Arusha