Mwanangu, fomu ya benki sikuitia sahihi

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Salamu zako zimenifikia kupitia kwa shangazi yako, marahaba. Hapa Tanga sote wazima. Bibi yako tu na magoti yake, mvua zikianza na yeye huanza.

Ile fomu ya benki, ya kuweka nyumba yetu rehani ili ukasomee udaktari Uchina, sikuitia sahihi, na sitaitia. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu kila tukifika hapo wewe unalia, mimi nanyamaza, salio linakwisha, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kwanza ujue kwamba katika nyumba hii hakuna anayetaka uwe daktari kunishinda mimi. Matokeo yako ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, yalipotoka nilikuwa zamu, nikawaambia wagonjwa kitanda hadi kitanda, na mama mmoja wa Pongwe akanishika mkono akakuombea dua ndefu. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mama anakukatisha tamaa. Ninachokataa ni deni, tena deni hili hasa.

Baba yako anajua kwamba nyumba ya mke na mume haiwekwi rehani mpaka mwenza aridhie. Sheria ya ardhi ndivyo inavyosema, ndiyo maana afisa mikopo alikuja na karatasi yangu peke yangu. Niliisoma yote. Kisha nikavaa miwani nikaisoma ile barua ya udahili ya chuo cha Uchina uliyoletewa na wakala wa vyuo vya nje. Ada dola 4,500 kwa mwaka, hosteli dola 800. Ukishuka chini, kwa herufi ndogo, kuna bima, kupima afya, kibali cha kuishi cha kila mwaka na vitabu, na mbele ya hivyo vyote hapana bei, pameandikwa tu kwamba mwanafunzi atajilipia. Tiketi ya ndege haimo. Chakula hakimo.

Sasa tuchukue yale mawili tu yenye bei. Dola 5,300 kwa mwaka, mara miaka 6, ni dola 31,800. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 79,500,000. Ndiyo maana baba yako aliomba milioni 80. Benki imeandika riba ya asilimia 17 kwa mwaka, marejesho miezi 72. Nilimwomba yule kijana anihesabie mbele yangu, akabonyeza kikokotoo chake, ikaja karibu shilingi 1,780,000 kila mwezi. Na marejesho yanaanza mwezi unaofuata, hayakusubiri wewe umalize hata muhula wa kwanza. Deni likiisha tutakuwa tumerudisha zaidi ya milioni 128 kwa milioni 80 tulizochukua.

Mwanangu, mshahara wa baba yako wa bandarini na wangu wa uuguzi, ukiuweka pamoja ukatoa makato tuliyo nayo tayari, haufiki hapo. Mtumishi wa umma haruhusiwi kukatwa mpaka akabakiwa na chini ya theluthi moja ya mshahara wake, na mimi mkopo niliochukua kumsomesha kaka yako umenifikisha ukingoni. Basi wa kulipa ni nani? Ni nyumba. Nyumba hii ya Ngamiani ndimo anamolala bibi yako, na kodi ya vile vyumba viwili vya mbele ndiyo ada ya Salimu, ambaye bado yuko kidato cha pili na hajaulizwa chochote. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku dalali wa mnada atakapobandika karatasi mlangoni, hatakuwa na habari kwamba pesa zilikwenda kusomesha daktari.

Na riba, hukumu yake unaijua, umekaa madrasa miaka mingi kuliko mimi. Baba yako akasema basi twende benki ya Kiislamu. Kule riba hakuna, kuna faida mnayokubaliana tangu mwanzo, na hilo ni jema. Lakini dhamana ni nyumba ileile, na marejesho ya kila mwezi yapo palepale.

Kuna jambo ambalo wakala hakulitaja kabisa, nalo ni dola yenyewe. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Baadaye ikashuka kidogo, lakini utazame hiyo tofauti ya shilingi elfu moja: kwenye ada ya dola 4,500 ni shilingi milioni 4.5 zaidi kwa mwaka mmoja, na ada yenyewe haijapanda hata senti. Sisi mshahara wetu ni wa shilingi. Dola ikipanda ukiwa mwaka wa nne, milioni 80 zitakuwa zimekwisha na chuo hakijakwisha. Mwanafunzi wa udaktari aliyekatishwa mwaka wa nne hana cheti cha kumwonyesha mtu.

Tena dunia hii haina dhamana. Mwaka 2020 Uchina walifunga mipaka kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa kigeni waliokuwa nje wengi hawakuruhusiwa kurudi mpaka 2022, wakasoma udaktari kwenye simu, mbali na mgonjwa. Mwaka huohuo wa 2022, Februari, vita vikaingia Ukraine, na wanafunzi wa Kitanzania wakakimbia kupitia nchi jirani wakiwa na begi moja moja. Wazazi wengine walishalipa. Aliyekukopesha haangalii kama chuo kimefungwa au kinapigwa mabomu, tarehe ya marejesho ikifika anataka chake.

Ukaniandikia kwamba binti wa mjomba wako kule Marekani anasomea udaktari visiwa vya Karibi kwa mkopo wa wanafunzi, na hakuna aliyeweka nyumba. Ni kweli, na nimempigia mjomba wako anieleze. Huo ni mkopo wa serikali ya Marekani. Hupewa raia wao na wenye ukaazi wa kudumu, na wanaweza kuutumia hata kwenye baadhi ya vyuo vya nje ambavyo Wizara yao ya Elimu imevikubali. Binti yake kazaliwa kule, wewe umezaliwa hapa hospitali ya Bombo. Na hata kwao wamebaniwa: sheria waliyoipitisha Julai 2025 inafunga, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa shahada za juu uliokuwa unaweza kufikia gharama yote ya chuo, na kwa masomo kama udaktari wamewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Riba yake huanza kuhesabiwa siku pesa inapotoka. Mjomba wako hakunificha, alisema binti yake atakuwa analipa mpaka awe na watoto wake. Lakini kule anatarajia mshahara wa dola, kulipa deni la dola. Wewe utarudi kwenye mshahara wa shilingi, ukishapata kazi, na unawaona madaktari wetu wangapi wako mtaani wakisubiri ajira.

Mkopo wa wanafunzi unaokuhusu wewe upo, na ulishauomba mwenyewe kabla hujakutana na huyo wakala. Bodi ya Mikopo inakopesha waliodahiliwa vyuo vya hapa nchini, na udaktari umo kwenye kozi za kipaumbele. Inaangalia ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Lile bumu, yaani posho ya chakula na malazi, lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 mpaka 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Si pesa ya kujitapa, lakini watu wamesomea, wamemaliza. Nyumba hawaitaki, wanataka mdhamini mwenye kitambulisho na fomu zilizopita serikali ya mtaa. Na kubwa zaidi kwangu: mwaka 2021 Rais Samia aliifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na ile faini ya asilimia 10 ya waliochelewa. Unarudisha karibu kilekile ulichokopa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa kila milioni moja ni shilingi 150,000. Inauma, sikatai, lakini makato yanaanza ukiwa na mshahara, na mshahara ukikua unalipa haraka zaidi. Hilo ndilo deni ninaloweza kukuacha nalo nikalala usingizi: deni la mwenye mshahara, si la bibi yake.

Ukikosa kabisa hapa na bado unataka nje, angalia matangazo ya Wizara ya Elimu ya ufadhili wa nchi rafiki, Urusi, Uchina, Algeria, Moroko. Huko ada unalipiwa. Na huyo wakala muulize kama amesajiliwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Aliyesomea nje akirudi, cheti chake lazima TCU wakitambue, kisha aende Baraza la Madaktari Tanganyika, afanye mtihani kabla ya utarajali, ule mwaka wa mazoezi hospitalini. Hayo yote wakala aliyafanya maneno mawili: "utarudi daktari".

Hapo kwenye utarajali niache niseme kidogo, maana ndiko ninakoishi. Ninafanya kazi na madaktari waliosoma nje, na wapo hodari sana, siwavunjii heshima. Lakini wao wenyewe wameniambia: darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, wodini mgonjwa ni Mchina na anaumwa kwa Kichina. Wengi walisimama nyuma ya mkalimani miaka yao ya wodini. Juzi aliletwa mzee wa Kidigo kutoka Mkinga, mguu umevimba, hataki kusema kinachomsumbua mbele ya wauguzi wa kike. Mtarajali kijana aliyesomea Mwanza akavuta kiti, akamwamkia, akamuuliza habari za bahari na samaki, akamsikiliza kama dakika kumi bila kuandika kitu. Kisha mzee akamwonyesha busha alilolificha miaka. Ule usikilizaji aliujifunza kwa wagonjwa wanaosema lugha yake. Nataka na wewe ujifunze kwa watu wako kwanza. Ukija kuwa bingwa, nenda nje. Wizara ya Afya inafadhili madaktari kusomea ubingwa na ubingwa bobezi, na huko utakwenda ukiwa tayari daktari, mwenye leseni na mshahara.

Kukosa nafasi chuo cha Muhimbili awamu ya kwanza ya udahili hakujakufungia mlango. Tuma maombi awamu inayofuata kwenye vyuo vingine vya udaktari: Dodoma, Bugando, KCMC, Mbeya, Ifakara. Miaka ni mitano kote, na mwaka wa utarajali juu yake. Ukipangwa chuo binafsi ada yake itakuwa kubwa na Bodi huenda wasiilipe yote. Tofauti hiyo ni yangu na baba yako. Nimeshazungumza na wenzangu wa mchezo wa kuchangiana pesa, zamu yangu ya kupokea wataisogeza iwe mwezi wa kufungua chuo, na baba yako ana ile mbao aliyonunua ya kujengea banda, anaweza kuiuza.

Ukipata vyuo zaidi ya kimoja watakutumia namba ya siri ya kuthibitisha udahili. Usimpe mtu, hata huyo wakala, na usithibitishe mpaka tuzungumze. Barua yake ya Uchina usiijibu na usitume ile dola 300 ya kushikilia nafasi. Baba yako bado amenuna, anaona nimemwaibisha benki. Mpigie wewe leo baada ya isha, akiwa ametulia barazani, umwambie umesoma barua hii, na umsikilize na yeye.

Mama yako
Ngamiani, Tanga