Saa ya Sola Iliyosimama: Ipe Mwanga Kabla ya Kuipa Betri

Saa nyingi za sola zinazofika mezani kwetu, mafundi saa wa Dar es Salaam, huja na ombi moja: imesimama, naomba mniwekee betri mpya. Tukiipokea saa ya namna hiyo, kwanza humuuliza mwenyewe ilikuwa inakaa wapi, na jibu mara nyingi hutueleza zaidi kuliko kipimo chochote. Ilikuwa kwenye droo tangu mwaka jana; ilifungiwa sandukuni pamoja na vitu vya thamani; au huvaliwa kila siku, lakini chini ya shati la mikono mirefu na koti, na mtu anayeondoka nyumbani Mbagala alfajiri, akashinda ofisini Posta na kurudi giza limeingia. Saa kama hizo kwa kawaida hazijaharibika. Zimekula akiba yake ya umeme bila kupata nyingine.

Katika saa ya sola ya mishale, seli zinazobadili mwanga kuwa umeme hukaa chini ya uso wa saa, na uso huo hutengenezwa kwa kitu kinachopitisha mwanga kiasi bila mtazamaji kukiona kilicho chini yake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: saa ya mishale ya Citizen ya mwaka 1976 iliziweka seli zake wazi usoni, na zilipoanza kutoka saa zake za sola ziitwazo Eco-Drive mwaka 1995 ndipo kampuni hiyo ilipoweza kuzificha. Kwenye saa za tarakimu, kama vile G-Shock za Casio za aina ya sola iitwayo Tough Solar, seli huonekana kama utepe mweusi au wa kahawia unaozunguka kioo cha namba. Umeme unaopatikana huhifadhiwa katika betri ndogo ya kuchajiwa, na betri hiyo ndiyo inayoisukuma mashine usiku na mchana. Ikijaa, aina nyingi za Eco-Drive huweza kutembea takriban miezi 6 gizani, na zipo zinazopita hapo kwa mbali kwa sababu zina uwezo wa kujipumzisha zisipopata mwanga.

Uwezo huo wa kujipumzisha huwashtua wateja wengi. Saa ya Casio iliyoachwa gizani usiku, kwa muda wa saa moja hivi, huweza kuzima kioo chake chote cha namba huku ndani ikiendelea kuhesabu majira. Ukiipeleka kwenye mwanga, au ukibonyeza kitufe, huamka ikiwa na saa sahihi. Hiyo si hitilafu. Dalili ya njaa ya kweli ni nyingine: kwenye saa za Citizen na Seiko za sola, mshale wa sekunde huacha kuruka kila sekunde na kuanza kuruka sekunde mbili kwa mkupuo. Mshale ukifanya hivyo saa bado inatunza majira, ila inaomba mwanga. Kwenye saa za tarakimu, alama ya chaji hushuka kutoka H (juu) hadi M (kati), kisha L (chini), na ikifika hapo taa na kengele hukataa kufanya kazi ili umeme uliobaki utumike kuhesabu saa peke yake.

Ikiwa imesimama kabisa, mwenyewe anaweza kuianza kazi ya kuifufua nyumbani, bila gharama. Iweke saa dirishani, uso ukielekea nje, kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, na urudie kwa siku kadhaa mfululizo. Jua la moja kwa moja hufikia laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 100,000 hivi, anga la mawingu laksi 10,000 na taa za ofisini laksi 500 tu. Kwa hiyo saa ambayo dakika chache za juani huipatia umeme wa siku nzima, chini ya taa ya ofisi huhitaji saa kadhaa kupata kiasi kilekile, na kuijaza tangu ikiwa tupu kwa taa hiyo huweza kuzidi saa 100. Wapo wanaoimulika kwa tochi ya simu kwa dakika tano, kisha wakatuambia wamejaribu kila kitu. Saa inaweza kuanza kutembea mapema sana baada ya kuonja mwanga, na hapo ndipo wengi hukosea, wakairudisha mkononi na kushangaa ikisimama tena usiku huohuo. Kutembea hakumaanishi kuwa imejaa.

Jua letu, hata hivyo, lina joto lake. Watengenezaji huonya kwamba saa isichajiwe mahali penye nyuzi joto 60 au zaidi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani jijini hapa hupita kiwango hicho bila shida. Vivyo hivyo bati la paa, au sinia la chuma lililoanikwa uani. Joto huifupishia betri maisha na kuikausha mipira inayozuia maji, kwa hiyo mtu anayeifufua saa kwenye dashibodi akiwa dukani Kariakoo huenda akaipata ikitembea na wakati huohuo amekwisha kuiharibu. Ukitumia taa ya glopu ya zamani, iweke saa umbali wa sentimita 50 hivi. Taa za LED hazina joto jingi, na seli huzipokea vizuri.

Baada ya siku hizo, saa ikiwa bado inagoma au inasimama kila usiku, ndipo tunapoifungua. Tunapima volti za betri kwa mita, tunaimulika seli na kutazama kama volti zinapanda, kisha tunaiacha gizani na kupima tena. Volti zisipopanda kabisa, tunashuku seli au mzunguko wa umeme. Zikipanda haraka na kuporomoka haraka, betri imechoka na inastahili kubadilishwa. Kuna pia saa ambazo betri yake ni nzima na mashine ndiyo iliyokwama, kwa mafuta yaliyoganda au kwa kutu iliyoingia na maji, na hizo hata zikianikwa mwaka mzima hazitatembea. Bei tunaitaja baada ya vipimo hivi, kwa sababu kabla yake tungekuwa tunakisia.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni aina ya betri. Betri ya kuchajiwa ya saa ya sola, kwa mfano MT621 inayotumika katika aina nyingi za Eco-Drive au CTL1616 ya G-Shock nyingi, hufanana kwa umbo na betri ya kawaida ya saa, na fundi asiyeijua huona hakuna ubaya kuweka ya kawaida. Ubaya upo: betri ya kawaida haikutengenezwa kuchajiwa, lakini seli za saa zitaendelea kuisukumia umeme kila ikiona mwanga, hadi ivuje au ipasuke ndani ya mashine. Saa ya namna hiyo hutembea vizuri kwa muda, na mwenyewe humsifu fundi, kisha huletwa kwetu mashine ikiwa imeliwa. Betri sahihi nyingi huja na vibati vilivyochomelewa tayari, na kwa kawaida inabidi tuziagize, hivyo tunamwomba mteja awe na subira.

Kubadilisha betri pia si mwisho wa kazi. Saa nyingi za Casio huhitaji kuanzishwa upya kwa kugusisha sehemu maalumu ndani ya mashine, na zile za Citizen zenye kalenda inayojirekebisha yenyewe huhitaji mishale yake kurudishwa kwenye sifuri, la sivyo tarehe itabadilika saa sita mchana au mshale utaonyesha dakika isiyo yake. Tukiifunga tunabadilisha mpira wa kuzuia maji, kwani mpira uliokwisha kubanwa miaka mingi haurudi katika umbo lake, na unyevu wa Dar es Salaam hauhitaji mwaliko. Ukiona ukungu ndani ya kioo baada ya mvua ya masika au baada ya kuogelea, usiianike saa ukidhani utakauka. Ilete siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza. Ukitoka baharini, iwe Coco Beach au Kigamboni, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kitufe cha kurekebishia majira kikiwa kimesukumwa ndani.

Mwisho, wenye G-Shock za kupokea mawimbi ya redio hutuuliza kwa nini saa zao hazijirekebishi. Vituo vinavyorusha mawimbi hayo viko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani, na mawimbi yake hayatufikii hapa, kwa hiyo saa hutafuta kila usiku na kupoteza umeme kidogo bure. Zima upokeaji huo kwenye mipangilio, chagua Nairobi au mji mwingine wa saa za UTC+3, yaani saa zetu za Afrika Mashariki, hakikisha saa za majira ya joto (DST), zinazosogeza mishale mbele kwa saa moja, zimezimwa, kisha weka majira kwa mkono. Tofauti ya sekunde chache kwa mwezi ni kawaida kwa mashine hizo, nasi huirekebisha bila malipo kwa yeyote anayepita.